Bei ya Kofia

Kutoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume hadi Darajani, Unguja, hakufiki kilomita 10. Lakini ukishatua, masafa hayapimwi kwa kilomita, yanapimwa kwa begi. Begi la magurudumu lina safari ndefu. Mkoba wa ukili uko jirani tu.

Kosa langu lilikuwa kofia ya jua. Dereva alinikagua kuanzia kofia hadi kandambili, akanitajia dola 30, kwa Kiingereza. Nikamwamkia kwa Kiswahili: 20. Nikamuuliza hali za nyumbani: 15. Nilipolalamikia bei ya pweza pale Forodhani, tukahamia kwenye shilingi. Laiti ningekuwa na shangazi Kikwajuni, pengine ningepelekwa bure na chai juu.

“Mafuta yamepanda, kaka,” akasema. Labda hata tangini hayakuwa yamepanda, maana gari lilizima Kiembesamaki. Yeye akashika usukani, mimi nikasukuma, kofia ikaanguka. Punguzo la msukumaji hakulitaja. Daladala namba 505 ikatupita, konda kaning'inia mlangoni, akatuuliza kwa heshima zote: “Darajani, wazee?”