Wameng'arisha Meno, Wamekwaruza Kiraka

Fundi cherehani akikukosea suruali, utamgombeza. Kinyozi akikuharibia, utamwonyesha kwenye kioo na hela utampunguzia. Daktari wa meno humgombezi. Kinywani una bomba la kunyonya mate, kioo cha mpini na vidole vyake viwili, halafu ndipo anapokumbuka kukujulia hali: "Mzee, unaendeleaje?" Unajibu, "Aaah." Anaridhika na kuendelea.

Nina kiraka kwenye jino la mbele, juu, upande wa kulia. Nilikipata baada ya kung'ata korosho iliyobaki na kipande cha ganda, korosho ya zawadi kutoka kwa shemeji yangu wa Kisarawe, ambaye hadi leo anadai kosa ni la jino. Ni kiraka cha resini, ile nyeupe inayopigwa mwanga wa bluu mpaka ikakauka. Kilikaa vizuri, kikafanana na jirani zake, hata mke wangu akasahau ni kipi. Sasa nimekwenda kusafishwa meno hapa Kibaha, kwenye kliniki ambayo sitaitaja kwa sababu bado nina gego linalohitaji hisani yao. Nimetoka na meno yanayong'aa na kiraka kinachokwaruza.

Pale kwa muuza kahawa wa Maili Moja nimelieleza hili nikachekwa. "Wewe umesafishwa, unalalamika umesafishwa!" Basi nielezee hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza.

Na mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Ugaga ni ule utando laini wa kwenye meno ulioachwa mpaka ukanyonya madini ya mate na kuwa jiwe. Ukishafika hapo hautoki kwa mswaki, uwe wa dukani au wa mti. Lazima ubanduliwe. Mashine ina ncha ya chuma inayotetema mara 25,000 na zaidi kwa sekunde, huku ikirusha maji mpaka shingoni. Ugaga unakatika, fizi zinapumua. Ila ncha ile haina macho. Enameli ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kwa hiyo jino linastahimili. Kiraka ni resini iliyochanganywa na chembe za glasi, na chuma kikipita juu yake kinaacha mistari. Kijana aliyenisafisha alipita kote kwa bidii ile ile, na kwenye kiraka nadhani aliongeza kidogo, akidhani ni doa.

Kisha akaleta balaa la pili: kibomba kinachopuliza unga na maji. Nilipouliza baadaye ni unga gani, nikaambiwa bikaboneti ya soda. Ile ile ambayo mama ntilie huitia kwenye maharage yaive upesi! Kwenye enameli inaondoa madoa ya chai na sigara vizuri sana. Lakini watafiti walioipulizia kwenye viraka maabara, kisha wakapima nyuso zake, wamekuta resini imekwaruzika, na viraka vya saruji ya glasi vikaumia zaidi. Kuna unga mpole zaidi, wa glisini na wa erithritoli. Nimeuulizia. Nikaambiwa ni ghali.

Mtasema huo ukwaru ni mdogo, nani atauona. Kweli, hauonekani. Mwaka 1997 watafiti wa Ubelgiji waliandika kwamba uso wa kitu kinywani ukizidi ukwaru wa mikroni 0.2, bakteria wanapata pa kushikilia na utando unajikusanya zaidi. Unywele wa kichwa una unene wa mikroni kama 70, kwa hiyo msihangaike kutafuta miwani. Mimi nina ulimi. Ulimi wa binadamu unatambua tofauti ya ukwaru ya nusu mikroni, na wangu hauna kazi nyingine. Nikiwa kwenye daladala, unapapasa kiraka. Nikiwa msibani watu wanasoma dua, unapapasa kiraka. Usiku mke wangu anauliza, "Unatafuna nini?" Sitafuni kitu, mama.

Halafu kahawa. Kahawa chungu ya kikombe kidogo, na kashata pembeni, ndiyo starehe iliyobaki katika umri huu. Zamani ilipita juu ya kiraka ikashuka. Sasa inakaa. Jino la kushoto jeupe, jino la kulia jeupe, katikati pana kitu cha rangi ya barabara ya Mzenga wakati wa kiangazi.

Nikaenda Kisarawe kwa wakwe. Ni mwendo wa kuzunguka, unakwenda Mbezi, unakatiza Kinyerezi, unatokea Pugu, na njia nzima nimefunga mdomo. Shemeji alinipokea kwa kicheko. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, utani wetu hauhitaji kibali. "Mnyamwezi ameng'arishwa nusu! Hela ziliisha?" Kisha akaanza kunisomesha juu ya vilima vya Pugu, kwamba udongo mweupe wa pale, kaolini, ndio unaotengenezea meno ya wakubwa. Nilitaka kumkatalia, bahati mbaya ana ukweli kidogo: meno ya bandia ya kaure ya zamani, tangu yalipoanza Ufaransa karne ya 18, yalitiwa kaolini. Si lazima iwe ya Pugu, lakini jaribu kumweleza hivyo Mzaramo aliyesimama Kisarawe.

Mke wangu akadakia kwamba basi ningewekewa kofia ya kaure nisingepata shida. Kaure kweli ni ngumu. Ila ina ngozi yake ya juu inayong'aa, na ngozi hiyo nayo inakwaruzika ncha ya chuma ikikandamizwa, na ukingo wake unaweza kumeguka. Tena zipo jeli za floridi zenye asidi ambazo hupakwa baada ya kusafisha. Hizo hula ule mng'ao wa kaure. Hakuna kitu kinywani kisicho na adui wake.

Mama mkwe alisubiri tumalize, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, sugulia mkaa." Mkaa ni chembe ngumu, unakwaruza kiraka kuliko hata yule kijana. Lakini mama mkwe hakatazwi. Nikasema, "Ndiyo, mama." Akaniletea wa mnyaa, ameutwanga tayari. Uko kwenye begi, mke wangu akiuona nimeutumia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi hatukupaswa kuwa wageni wa jambo hili. Katikati ya miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia kazi ya Mholanzi Jo Frencken, ndiko kulikoanzia ule mtindo wa kuziba meno bila umeme wala mashine ya kutoboa: unakwangua uozo kwa vifaa vya mkono, unaziba kwa saruji ya kugandisha. Baadaye ikatumika saruji ya glasi, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaunadi mtindo huo kwa dunia nzima. Umesaidia wengi wasiofikiwa na nguzo ya umeme. Na viraka vya saruji hiyo ndivyo vilivyo dhaifu kuliko vyote mbele ya ncha inayotetema na unga wa soda. Nchi iliyouonyesha ulimwengu kiraka cha mkono haiulizi mtu kama ana kiraka!

Nilirudi kliniki. Nikapokewa na daktari mwingine, mtu mzima, akakigusa kiraka kwa ncha ya kifaa chake na kutikisa kichwa. Alichukua visahani vidogo vya kung'arishia, akaanza na kikali, akaenda kwenye laini, akamalizia na laini zaidi pamoja na uji wa kung'arishia, akigusa na kuinua ili kisipate joto. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe. Rangi ya kahawa ikaondoka, ulimi ukapita ukanyamaza. Kumbe dawa ipo, tena ipo kwenye droo ile ile ya chumba kile kile.

Kisha akaniletea risiti. Kung'arisha kiraka ni huduma nyingine, ina bei yake.

"Mzee, hukutuambia una kiraka," akasema yule kijana akiwa mlangoni.

Kiraka hicho waliziba wao. Kipo kwenye faili langu, kwenye kabati lililo nyuma ya mgongo wake.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda kusafishwa usiache kwenda, ugaga haukuhurumii. Ila kabla hujalaza kichwa, taja kila kiraka, kila kofia, kila jino la bandia, na kimewekwa wapi. Uliza wanapuliza unga gani. Uliza kama wakimaliza watang'arisha na viraka, na kama bei hiyo imo kwenye ile uliyolipa dirishani. Na ninyi madaktari, fungueni mafaili yetu kabla ya kufungua vinywa vyetu. Mliyaandika wenyewe.