Mhadhara Mkuu wa Banjo ya Bei Chee

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wageni waalikwa, wazee wangu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Aliyesahaulika ajue amesahaulika kwa utaratibu.

Anayesimama mbele yenu mnamjua. Mimi ndiye Mtaalamu Mkuu wa Ala za Nyuzi, kuanzia kingo za Mto Mkondoa hapa Kilosa hadi lori la mwisho linaloegeshwa Mikumi. Cheo hiki nimejipa mwenyewe, kwani nilitafuta wilaya nzima mtu wa kunitunuku, nikakosa mwenye sifa.

Tuanze na historia, maana mhadhara usio na historia ni porojo. Banjo si mali ya Wazungu. Chimbuko lake ni Afrika Magharibi, katika ala kama akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia: kibuyu, ngozi, fimbo na nyuzi tatu, mmoja ukiwa mfupi, wa kuchezewa kwa dole gumba. Waliouzwa utumwani walivuka bahari na ujuzi huo kichwani, wakaufufua Karibiani na Marekani. Sasa panda treni hapa Kilosa, shuka Dodoma, utakuta zeze la Wagogo, nalo la nyuzi, ambalo marehemu Hukwe Zawose alilipiga mpaka Ulaya ikatega sikio. Kwa hiyo banjo ilipofika kwetu ilikuwa inarudi kwa ndugu zake, ila imekosea nyumba. Nani amecheka? Hiyo ni nadharia.

Kwa nini banjo yangu ni ya bei chee? Kwa sababu banjo ya bei mbaya utaiogopa. Utaifuta vumbi, utaitundika ukutani, utazeeka. Hii unaishikia bisibisi, unaifumua yote, na usiku unalala.

Nilianza kwa kung'oa ngozi yake ya plastiki na kuwamba ya mbuzi. Ngozi inalowekwa, inanyonyolewa, inawambwa ikiwa mbichi, kisha inakaushwa kivulini. Ya kwanza iliondoka na mbwa wa jirani ikiwa bado kwenye beseni, jambo linalothibitisha kwamba nilichagua malighafi bora. Sikilizeni sana hapa: nati za pembeni hazikazwi kwa kufuatana, mtaivuta ngozi upande mmoja. Unakaza hii kidogo, unarukia ya mkabala wake, unarudi. Kanuni hiyo niliigundua mimi, Mikumi, barabara kuu, nikimtazama fundi pancha akifunga tairi la lori la Tunduma. Anaitumia kila siku bila kunitaja.

Masika ngozi hunywa unyevu, ikalegea na sauti ikazama. Kiangazi hukakamaa, na ukijisahau inapasuka. Wanaotaka raha wabaki na plastiki yao.

Sasa kidaraja kinachobeba nyuzi. Hakijagundishwa, kimesimama tu juu ya ngozi, na wengi hukiweka popote macho yanapopenda. Pima kutoka mwanzo wa shingo, upande wa vigingi, hadi chuma cha 12 kati ya vile vilivyolazwa juu ya shingo, kisha urefu huohuo kutoka hapo hadi kidaraja. Ukikosea kwa unene wa kucha, nyuzi zikiwa wazi zitapatana, ukizibana juu zitagombana. Viwandani huchonga vidaraja vyepesi. Mimi nimechonga cha mpingo, kutoka kwenye masalia ya mchonga vinyago, si hifadhini. Hifadhi ya Mikumi inalindwa tangu 1964, na utaalamu wangu hauna kipengele cha kukutoa rumande. Ni kweli kidaraja kizito huifunga ngozi mdomo, na mahasidi wanadai banjo yangu haisikiki chumba cha pili. Wataje basi banjo nyingine inayoweza kupigwa karibu na wodi ya wazazi.

Nyuzi nimefumua kwenye waya wa breki ya baiskeli. Niliyempa kazi hiyo, fundi baiskeli, yuko pale nyuma, mikono ina grisi. Asante, fundi, kaa.

Nimalizie na ugunduzi utakaonipa jina. Banjo hii ina nyuzi tano. Vigingi vinne viko kichwani, lakini cha tano kimechomoza ubavuni mwa shingo, uzi wake mfupi. Uzembe wa kiwanda! Waya uliwaishia. Nikatoboa kichwa, nikakipandisha kigingi kwa wenzake, tundu la zamani nikaliziba kwa gundi na unga wa mbao. Sasa nyuzi zote zina urefu mmoja. Kule juu shingo ni nyembamba, zimebanana, lakini umoja ni nguvu.

Maswali? Naona mkono wa fundi baiskeli. Uliza, kwa kifupi.

Unasemaje? Kwamba nimesema mwenyewe ile ya Wajola ina uzi mfupi wa dole gumba?

Swali hilo liko nje ya mada. Mwenyekiti, kikapu cha michango kianze kuzunguka, na kianzie kwa fundi.