Ombi la Kikopo Kimoja Kisicho na Formalini

Kwa Mheshimiwa Mtia Saini wa Mwisho wa Bajeti ya Maabara za Rufaa

Kumb. Na.: (nimeiacha wazi, nisije nikaingilia kazi ya masijala yako)

YAH: OMBI LA KIKOPO

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba radhi kwa kukusumbua kwa jambo dogo kiasi hiki. Najua meza yako imezoea maombi ya majengo na magari, vitu vya kukatiwa utepe, na kikopo sijawahi kukiona kikikatiwa utepe. Mimi ni mteknolojia wa maabara tu, na nikipita karibu na ofisi yako hupunguza hata sauti ya viatu.

Kwa ruhusa yako, nieleze yanayoipata valvu ya moyo ikishatolewa kifuani. Mgonjwa amekaa na homa wiki kadhaa, moyo una mvumo, na ekokadiogramu imeonyesha vinundu vinavyochezacheza kwenye valvu. Tumechukua damu yake tukaiotesha, na hakuna kilichoota. Mara nyingi ni kwa sababu alishachomwa antibiotiki ya seftriaksoni huko alikopitia kabla ya kufika kwetu. Mara nyingine mhusika ni bakteria asiyekubali kuota kwenye chupa zetu za kawaida. Yupo Bartonella quintana, anayesafiri na chawa wa mwilini. Yupo pia Coxiella burnetii, anayetoka kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi, hasa wanapozaa. Habari za mbuzi sina haja ya kukukumbusha, kwani hukabidhiwa mmoja kila uendapo ziarani.

Basi daktari bingwa anapasua kifua, anaitoa valvu iliyoharibika na kuweka mpya. Mhalifu tunaye mkononi, Mheshimiwa, ndani ya kile kipande cha nyama. Nasi, kwa utii wa mazoea, tunakitumbukiza chote kwenye formalini. Darubini itatuambia kwamba valvu imeshambuliwa, pengine hata bakteria wataonekana, lakini mara nyingi jina lao litabaki fumbo, kwa kuwa formalini huharibu vinasaba.

Laiti kipande kidogo tu kingetengwa kwenye kikopo safi na kugandishwa, kipimo cha PCR kingeweza kutafuta jeni iitwayo 16S, ambayo bakteria wote wanayo, kikairudufu mara mamilioni. Herufi zake zikisomwa na kulinganishwa na zilizohifadhiwa kwenye hazina za vinasaba, jina hupatikana. Hata bakteria aliyekwisha kuuawa na dawa huacha vinasaba vyake nyuma.

Utaniuliza, na una haki zote, jina linamsaidia nini mgonjwa. Akiwa ni Coxiella, tiba ni doksisaiklini pamoja na haidroksiklorokwini kwa angalau miezi 18, au 24 ikiwa valvu ni ya bandia. Wiki sita za seftriaksoni hazimwondoi. Anaweza kuhamia kwenye ile valvu mpya, ambayo najua uliilipia kwa moyo mkunjufu.

Vigezo vya Duke, vinavyotumiwa na madaktari duniani kuutambua ugonjwa huu wa maambukizi ya valvu za moyo, vilitungwa Marekani mwaka 1994 na kurekebishwa mwaka 2000. Mwaka 2023 vilihuishwa tena, na safari hii PCR ikaingizwa kwenye ushahidi mkubwa. Sikutajii haya ili kukuharakisha. Miaka 29 ni subira ya kiungwana, na sisi tungali na muda wa kuivunja rekodi hiyo.

Maafisa wako wa ununuzi wasije wakasema nimekuficha dosari. Kipimo hiki hakifui dafu kwenye damu kama kinavyofanya kwenye valvu yenyewe. Vinasaba vya bakteria waliokufa hubaki kwenye valvu muda mrefu, kwa hiyo jibu la kuwapo kwao si lazima liwe na maana kwamba tiba imeshindwa. Meza chafu inaweza kutoa jina la uongo. Na kwa kawaida kipimo hakisemi ni dawa gani bakteria huyo ameizoea, ndiyo maana kuotesha damu kusiachwe, tena kufanywe kabla ya dawa ya kwanza.

Mashine siombi, Mungu apishie mbali. Ya PCR tuliyoletewa wakati wa Uviko-19 ingalipo, imefunikwa kitambaa kizuri cha maua. Ni kweli kwamba kusoma herufi za 16S kunahitaji mashine nyingine, ila vipimo vinavyolenga Coxiella na Bartonella moja kwa moja vingeweza kuanza kwa hiyohiyo, vitendanishi vikipatikana. Fomu ya vitendanishi hivyo iko mezani kwako, chini ya ile ya mapazia.

Kwa hiyo ninachoomba ni kikopo, nafasi kidogo kwenye friji ya kugandishia, na sahihi yako, hata iwe ya haraka haraka.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mteknolojia wa Maabara

Nakala:
Masijala
Kitengo cha Ununuzi
Dereva wako, endapo barua itasahauliwa garini