Jinsi ya Kuteleza Dukani kwa Mtu Bila Kudhulumiwa

Ukitaka kuanguka Kigoma, uwanja upo. Nenda kwenye duka la mawese asubuhi na mapema. Yaliyomwagika jana yameganda kwenye saruji, vumbi limetanda juu, huyaoni mpaka unyayo umeshaondoka. Mguu wa kwanza unakwenda, wa pili unafuata, wewe uko chini na dumu lako la lita 20.

Ila kabla ya kuanguka, hakikisha umekwenda kununua. Hilo ndilo swali la kwanza la wakili. Tanzania Bara tulipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, nayo huuliza kwanza aliyeanguka alifuata nini pale. Mteja analindwa zaidi. Msingi wake ni kesi ya Indermaur dhidi ya Dames, ya 1866: fundi wa gesi alitumbukia kwenye shimo lisilo na uzio ndani ya kiwanda cha sukari London, akashinda, kwa kuwa alikuwa pale kwa shughuli yenye faida kwa pande zote mbili. Mwenye mahali hubanwa kwa hatari anayoijua na hata ile aliyopaswa kuijua. Aliyepita kusalimia tu ana kinga ndogo: anastahili kuonywa juu ya hatari iliyojificha ambayo mwenyeji anaijua. Aliyeruka ukuta usiku hana cha kudai, labda awe amedhuriwa makusudi au kwa kutojaliwa kabisa.

Waingereza wenyewe waliiondoa tofauti ya mteja na mgeni mwaka 1957, na Kenya nayo ina sheria yake ya namna hiyo. Sisi tumebaki na ya mababu zao. Mama aliyekuja kununua na jirani aliyemsindikiza wanateleza kwenye mafuta yaleyale, wanavunjika mfupa uleule, lakini haki zao hazilingani. Hili linaniudhi, na Bunge linaweza kulirekebisha.

Mtoto ana nafuu. Mwaka 1909 mahakama ya juu ya Uingereza iliiwajibisha kampuni ya reli ya Ireland kwa mtoto aliyeumia akichezea mtambo wa kugeuzia injini, kwa sababu kampuni ilijua watoto huingia pale kucheza. Kwa hiyo aliyeacha shimo wazi chini ya miembe ya Ujiji, naye anajua watoto hufuata maembe, asijifiche nyuma ya neno “mvamizi”.

Ukishaanguka, tulia. Watu watasema pole, na mwenye duka atakimbilia mchanga kuumwaga pale. Ni wema, lakini unafukia ushahidi. Mwombe kijana wa jirani apige picha kwanza: sakafu, kandambili zako, pipa linalovuja. Chukua namba ya simu ya mbeba mizigo aliyeona. Kanga yenye doa la mawese usiifue. Ukiulizwa kama umeumia, usijibu “sijambo” kwa adabu, sema panapouma. Pitia polisi uchukue fomu ya PF3, nenda hospitali ya Maweni, tunza kila risiti, na andika siku ambazo hukufungua genge. Bila hayo hakimu atakuhurumia tu.

Kama wewe ni mwajiriwa wa hapo, njia ni nyingine na ni bora: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 haihitaji uthibitishe uzembe wa mwajiri. Kama soko ni la halmashauri, lazima utoe notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Madai ya uzembe hufa baada ya miaka mitatu, na muda unakwenda hata wazee wa mtaa wakiwa bado wanasuluhisha.

Mwenye duka akija nyumbani na kuku na hela ya dawa, mpokee, mshukuru, mle pamoja. Ila karatasi iliyoandikwa “sina madai” usiitie sahihi kabla goti halijapigwa eksirei.