Theluthi ya Mfalme, Kalamu ya Kapiteni

"Nyoo! Mfalme gani huyo, taji kichwani, na pesa zake angoja kuhesabiwa na mtu mwingine?"

Kijana wetu wa tuktuk huyo, afyonya hata kabla ya kumeza kahawa. Maalim alikuwa ametaja tu, kwa kupita, kwamba zamani za Wareno mfalme wa Mombasa alikuwa akipewa theluthi ya ushuru wa forodha. Neno theluthi hapa kijiweni Ndia Kuu, Mombasa, haliwezi kupita salama. Ami mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini alidaka palepale: "Theluthi ni nyingi, yakhe! Leo Katiba yasema kaunti zote 47 zigawane si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Si bora tungebaki na Mreno?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana, maana hesabu ya ami yachechemea. Asilimia 15 ni ya hospitali, maji na barabara za watu, hata kama barabara yenyewe huioni. Ile theluthi ilikuwa ya mfalme na nyumba yake. Mwenye jahazi alilipa, na yeye hakuwa na theluthi ya mtu.

Lakini kijana aliuliza swali la haki. Mfalme gani huyo?

Huyo ni Sheikh Ahmad wa Malindi. Nyumba yao ilimpokea Vasco da Gama mwaka 1498, Mombasa ilipomkatalia, na tangu siku hiyo Malindi na Mreno wakawa chanda na pete. Mombasa ndiyo iliyolipa gharama ya urafiki huo: ilichomwa 1505, ikachomwa tena 1528, ikavunjwa tena 1589. Mwaka 1593 Mreno akaanza kujenga Ngome ya Yesu, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na rafiki wa Malindi akaletwa kuketi kwenye kiti cha adui yake. Kiti akapewa, na theluthi akapewa. Kitabu cha forodha hakupewa. Kitabu kilibaki na watu wa Ngomeni.

Sasa hapo ndipo pa kusonya kweli kweli.

Kapiteni wa Ngome hakuwa mtumishi kama tunavyomjua leo, mwenye mshahara na pensheni. Cheo kilikuwa zawadi. Mtu kapigana India, kapoteza jicho au ndugu, anamwandikia mfalme kuomba fadhila, naye anajibiwa: haya, nenda ukawe kapiteni wa ngome fulani, kwa kawaida miaka mitatu. Mshahara haukuwa wa kutajika. Faida ilikuwa kwenye biashara: pembe, ambari, nguo za Kihindi, na kumbana kila anayefanya biashara hizo bila kupitia mkononi mwake. Mwenye miaka mitatu hapandi minazi. Anachuma alichokikuta.

Ami akauliza, mbona huyo mfalme wa theluthi asishtaki? Alishtaki! Watawala wa hapa waliandika barua, na karatasi za Goa, makao ya Wareno huko India, zimejaa barua. Tatizo lilikuwa pepo. Hebu tuhesabu pamoja. Jahazi lenye mashtaka laondoka Mombasa mwezi wa Agosti na mkia wa kusi, lafika Goa Septemba. Makamu wa mfalme aliyeko huko ajibu anavyotaka, lakini neno la mwisho liko Ulaya, kwa hiyo barua yangoja meli za Lisbon, zinazoondoka Goa mwisho wa mwaka au Januari. Yafika Lisbon katikati ya mwaka wa pili. Na mfalme mwenyewe hata Lisbon hayuko: tangu 1580 taji la Ureno liko kichwani mwa mfalme wa Uhispania, huko Madrid. Jibu likiandikwa, lapanda meli ya Machi au Aprili mwaka wa tatu, lafika Goa Septemba, lapumzika kungoja kaskazi, na laingia Mombasa mwanzo wa mwaka wa nne. Kapiteni aliyeshtakiwa ashamaliza miaka yake mitatu, ashafunga masanduku, ashaondoka. Aliyepo ni mwingine, na yeye ndiye anayefungua barua.

Barua hizo zilifungwa pamoja zikaitwa Vitabu vya Monsuni, na zipo hadi leo. Serikali iliyoandika kila kitu na ikachelewa kwa kila kitu.

Kijana wa tuktuk akataka kujua kama Mwingereza naye alikuwa hivi, maana alivyosomeshwa shuleni ni kwamba Mwingereza alikuja na faili na utaratibu. Maalim akacheka hadi kofia ikateleza. Miaka ileile, James wa Kwanza alishika taji la Uingereza 1603 akakuta deni, akaliongeza. Mwaka 1604 akawakodisha wafanyabiashara wa London forodha yake: wao wampe mfalme kiasi maalumu kila mwaka, wao wakusanye ushuru, kinachozidi ni chao. (Sisi wa pwani hilo twalijua vizuri. Seyyid Said aliikodisha forodha ya Zanzibar vivyo hivyo kwa Jairam Shivji, na yule aliyekusanya ushuru ndiye aliyekuja kumkopesha Sultani.) Mwaka 1610 waziri wa James, Robert Cecil, alijaribu kulipatanisha bunge na mfalme: bunge limpe pauni 200,000 kila mwaka, naye aache haki zake kongwe za kuwabana wenye ardhi. Mapatano yakavunjika. Mwaka uliofuata James akaanza kuuza vyeo vya heshima, ubaroneti, pauni 1,095 kwa kichwa, kwa kisingizio cha kulipia askari wa Ulster. Ukiwa na pesa, wewe na mwanao na mjukuu mwaitwa "Sir".

"Kumbe!" akasema kijana. Kumbe ndiyo. Mfalme wa Madrid naye, kwa njaa hiyohiyo, aliagiza mwaka 1614 vyeo vya dola yake ya India viuzwe. Kabla ya hapo ukapiteni ulikuwa zawadi ya jasho. Sasa ukawa bidhaa, na mnunuzi wa bidhaa ataka rasilimali yake irudi.

Na mwaka huohuo wa 1614, angalieni, ndio mwaka wa Hasan.

Sultan Hasan, mwana wa Ahmad, alirithi kiti, theluthi na ugomvi. Aligombana na Ngomeni juu ya biashara na madaraka hadi akahofia roho yake, akavuka kwenda bara kutafuta hifadhi kwa Wamijikenda, ambao Wareno wakiwaita Wamusungulo. Huko huko akauawa, na waliomuua walikuwa wamehongwa na Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Sina la kufyonya hapo.

Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, naye akapelekwa Goa. Mapadri wa Kiagustino wakamlea, wakambatiza Dom Jerónimo, akajifunza Kireno na mizinga, akaoa huko, kisha akarudishwa Mombasa kama mfalme Mkristo wa theluthi. Mwaka 1631, mwezi wa Agosti, akaingia Ngomeni na watu wake, akamuua kapiteni Pedro Leitão de Gamboa, akarudi kwenye Uislamu, na Wareno wa mjini wakauawa, wanaume kwa wanawake kwa watoto.

Vijana hapa wampenda Yusuf. Waona shujaa aliyelipiza kisasi cha baba. Mimi nawaambia, polepole. Mtoto wa Ndia Kuu, hata akiwa wa Mreno, hakuandika kitabu cha forodha. Kisha tazameni alivyomaliza: Francisco de Moura alipokuja na merikebu kutoka Goa mwanzo wa 1632, Yusuf alimshinda, wallahi alimshinda vizuri. Lakini Mei ya mwaka huo akaibomoa Ngome alivyoweza, akapanda meli, akaondoka kwenda kuwa haramia wa baharini, akafia upande wa Jeddah miaka michache baadaye. Mji akauacha wazi. Wareno wakarudi miezi michache tu baadaye, wakaingia bila vita, na hawakumweka mfalme mwingine tena. Theluthi ikakosa mwenyewe.

Bili wakaletewa wengine. Nenda mlangoni mwa Ngome, inua macho, utaona jiwe limechongwa mwaka 1639. Kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira ajisifu kwamba alipewa Ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Ataja alivyovunja kuta za Pate na Siyu. Ataja alivyowaua wakuu wa Pemba kwa uamuzi wake mwenyewe. Ataja wafalme wa Manda, Luziwa na wengineo aliowalazimisha kulipa kodi. Akimaliza orodha ya waliolipa, aanza orodha ya alicholipwa: cheo katika nyumba ya mfalme, nishani ya Kristo, milreis 50 kwa mwaka, na ngome nyingine mbili za kutawala zamu kwa zamu, moja yao Jaffna huko Ceylon. Watalii hupiga picha nembo, hawasomi. Mimi nikiambiwa nionyeshe serikali ya wakati ule ilivyoendeshwa, sitamtuma mtu Lisbon wala London. Nitampeleka pale.

"Na hizo milreis 50," akauliza kijana wa tuktuk, "alizipata kweli?"

Maalim akakuna ndevu. Jiwe lasema alipewa, akajibu, halisemi alilipwa.

Kijana akafyonya mara ya mwisho, akawasha tuktuk yake. Abiria alikuwa ameshaketi nyuma kitambo, naye pia afyonya.