Sifa za Seva ya Madogo

Washairi wa pwani wamesifu majahazi, wakasifu minazi, wakasifu macho ya wanawake mpaka wino ukawakaukia. Mimi namsifu mwingine: kompyuta ya mezani iliyopoteza kifuniko cha ubavuni, inayokaa chini ya meza katika ofisi yetu hapa Madogo. Kazi yake ni kupokea ujumbe wa chumba hiki na kuufikisha chumba kile. Kati ya vyumba hivyo pana ukuta wa mbao mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya huku, anaombewa dua kule.

Wapo watakaosema hilo ni jambo dogo mno kutungiwa sifa. Kwani mji wenyewe unaitwaje?

Nianze na nasaba, maana asifiwaye bila kutajwa ukoo huonekana mtu wa kuokotwa. Babu yake ni IRC, programu ya gumzo aliyoiandika Jarkko Oikarinen mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, nchi ambayo mto huganda watu wakaukanyaga kwa miguu. Januari 1999 Mmarekani Jeremie Miller akaitangaza Jabber, utaratibu ulio wazi wa kupelekeana ujumbe ambao leo huitwa XMPP. Kutoka tumbo hilo wakazaliwa wengi. Mmoja ni ejabberd, aliyoianza Alexey Shchepin mwaka 2002. Mwingine ni Openfire, ya bure, iliyoandikwa kwa Java, na ndiyo tuliyoiweka sisi. Sasa sikiliza: WhatsApp nayo ilipoanza ilijengwa juu ya ejabberd, ikaikarabati mpaka ikawa yake. Kwa hiyo seva yetu na WhatsApp ni binamu. Mmoja alikwenda California akatajirika, mwingine yuko Madogo chini ya meza. Ukoo gani hauna hadithi hiyo?

Tuliileta kwa sababu njema. Kikundi cha WhatsApp cha ofisi kilikuwa kimegeuka soko: agizo la karatasi limebanwa kati ya mchango wa harusi na tanzia ya mtu tusiyemjua, na anayejibu ni yule mwenye bando siku hiyo. Seva ya ndani haili bando hata la shilingi moja, kwa kuwa ujumbe hautoki nje ya mlango. Kuisakinisha kulinichukua asubuhi moja. Unachagua lugha, unaipa seva jina, unakubali hifadhidata yake ya ndani, unaweka neno la siri la msimamizi (uliandike mahali, nakusihi), kisha unafungua kivinjari kwenye mlango 9090 na kusajili watu. Wao huingia kwa mlango 5222, baada ya kuuambia ukuta wa moto wa kompyuta uache kuwafukuza. Saa saba mchana tulikuwa watu sita, majina yote ya kijani kibichi. Mkubwa wetu alisimama nyuma yangu akitikisa kichwa kwa fahari. Siku hiyo haijarudi tena.

Sifa yake ya kwanza ni kulala. Kompyuta ya mezani imefundishwa kwamba asipoigusa mtu kwa nusu saa, ijilaze. Seva nayo haiguswi na mtu; wanaoihitaji wako vyumba vingine. Basi kadiri ilivyofanya kazi vizuri bila kusumbua, ndivyo ilivyosinzia, na ofisi nzima ikakatika katikati ya sentensi. Ilinichukua siku nne kugundua kwamba haikuwa imeharibika. Ilikuwa imepumzika.

Ya pili ni kuhama. Kila stima inapopotea na kurudi, ruta hugawa anwani upya kama mtu anayegawa nyama, na wa kwanza kuamka huchukua anayoitaka. Jana seva ilikuwa 192.168.1.7, leo ni 192.168.1.12, na wenzangu wote wanabisha hodi kwenye nyumba ya jana. Dawa yake ni ndogo: unaiwekea anwani ya kudumu. Niliijua dawa hiyo mwezi wa pili. Mwezi wa kwanza nilikuwa nazunguka vyumbani na kikaratasi, nikimtangazia kila mtu anwani ya siku hiyo kwa mdomo.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ndani ya kompyuta kuna kibetri cha duara, mfano wa sarafu, kinachotunza saa wakati umeme haupo. Chetu kilikufa. Tangu hapo stima ikirudi, seva huamka ikiamini kwamba ni tarehe 1 Januari 2009. Vyeti vyake vya usalama hukataa kufanya kazi, kwa kuwa kwa hesabu yake havijatolewa bado. Ujumbe wa "chakula kimefika" unaingia ukiwa na umri wa miaka mingi. Nilipochunguza niliiona hekima iliyomo: Januari 2009 WhatsApp ilikuwa haijaanzishwa. Seva yetu imejichagulia mwaka ambao haina mshindani.

Tena inajua kudai heshima. Joto la huku likipanda nyuzi 35 na zaidi, jua lilelile linalotoa megawati 50 kwenye mitambo ya sola ya Garissa, iliyozinduliwa Desemba 2019, hushuka juu ya bati letu bila kutulipa chochote. Tuna feni moja. Feni hiyo inaitazama seva. Sisi tunajipepea kwa fomu za wateja. Mgeni akiingia humpa salamu mkubwa wetu, lakini akitaka upepo hujisogeza karibu na seva.

Mwenye mashaka nitamkumbusha masika ya 2024. Mto Tana ulifurika ukakata barabara kati yetu na Garissa, watu wakavushwa kwa mashua, na fundi ninayemtegemea akabaki ng'ambo. Juu ya hayo, Jumapili ya tarehe 12 Mei nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika, intaneti ikazorota sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Jumatatu asubuhi simu zilikuwa zinazungusha kiduara tu. Nikatazama chini ya meza. Taa ya kijani! Waya wetu haukupita baharini. Ulipita nyuma ya kabati. Nikawaita watu waingie. Mmoja akaandika, "Mko?" Wa chumba cha pili akajibu, "Tuko." Pakawa kimya, maana hakuna aliyekuwa amefikiria la kusema. Mwishowe mkubwa wetu akaandika, "Chai iko?" Jibu tulilisikia kupitia mbao kabla halijafika kwenye skrini.

Hata hivyo sifa iliyonifanya nishike kalamu ni ukweli wake. Katika ofisi nyingi za nchi hii, kila jambo lisilofanyika hufichwa nyuma ya maneno matatu: sistimu iko chini. Chini wapi, tangu lini, kwa sababu ya nani, huambiwi. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa karibu saa sita, kwa amri ya matengenezo iliyokosewa. Nilizima simu nikaiwasha, nikanunua bando jingine, nikamlaumu mtoto kwa kuichezea. Sikuwa na wa kumwuliza. Seva yetu ina daftari lake la matukio, na kila kosa imeliandika humo kwa saa, dakika na sekunde: nani aliingia, nani alikosea neno la siri mara tano (mkubwa wetu), ilizimika lini, iliamka lini. Tarehe ni za uongo, nakiri, lakini matukio ni kweli tupu. Sijawahi kufanya kazi na mtu anayejishitaki namna hiyo kabla ya kuulizwa. Na nikitaka kuikaripia, napiga magoti, naiona uso kwa uso, naipangusa vumbi, naigonga ubavuni. Binamu yake wa California umgonge wapi?

Kibetri kipya kinauzwa bei ya kikombe cha chai au zaidi kidogo. Nitakinunua. Nimekuwa nikisema hivyo tangu mwaka jana.

Nawe ukipita Madogo na kuingia kwetu kuprinti, utaona soketi mbili ukutani karibu na mlango. Chaji simu yako kwenye ile ya kushoto. Hiyo ya kulia, yenye waya mweupe na karatasi iliyoandikwa USICHOMOE, wewe ni wa saba kuambiwa mwezi huu: tafadhali, usichomoe.