Baba Yetu Bado Amekufa

Kwa waheshimiwa wa ofisi ya mikopo ya wanafunzi,

YAH: UTHIBITISHO MWINGINE WA KIFO KILE KILE

Mdogo wetu wa mwisho kamaliza kidato cha sita, dirisha la maombi limefunguliwa, nanyi mmetuuliza tena kama baba kafa kweli. Alikufa mara moja. Kwenu hufa upya kila mtoto wake anapopata chuo. Cheti chake kilihakikiwa nilipoomba mimi, kikahakikiwa alipoomba dada. Sasa kinahakikiwa tena, kwa ada, huenda marehemu kabadili mawazo.

Kwa kuwa karatasi haziwatoshi, naomba mfungue Dirisha la Marehemu. Lifanye kazi usiku, maana mchana wateja hawa hawatoki. Wapange foleni kwa tarehe ya kuzikwa, na wale wa zamani wasisukumwe, mifupa haivumilii. Kila mmoja aje na picha za pasipoti zilizopigwa karibuni, sanda nyeupe, nyuma pawe bluu, pamoja na barua ya mtendaji wa kata ya huko aliko, yenye muhuri. Asiye na namba ya NIDA arudi akaifuatilie. Na mkiwaambia mtandao uko chini, hawatanung'unika: watashuka kuuangalia.

Mengine ni madogo. Fomu ya kipato cha mama iwe na nafasi ya maandazi yaliyokopwa. Boom, posho ya mwanafunzi, liingie kabla mtoto hajauza godoro. Zile shilingi 10,000 za chakula na malazi kwa siku, mmoja wenu aziishie wiki moja tu pale Sinza.

Nilipoajiriwa hamkuniomba cheti. Asilimia 15 ya mshahara ikakatwa bila muhuri wa mtendaji wala wa wakili. Kudai, mnatuona hata gizani. Kukopesha, hamuoni kaburi. Mama yangu kaulizwa na kijana wa dirishani, mbele za watu, kama ana uhakika mumewe hayupo. Mume aliyemuuguza mwenyewe! Mnatudhalilisha, na mnajua.

Samahani, nimepandisha sauti. Nilikusudia pia kushukuru kwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo kufutwa mwaka 2021. Nilikuwa nimeanza kuizoea.

Wenu katika makato,
Mnufaika.

Viambatisho: hakuna. Mnavyo vyote.